Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Ukitoka Makambako kwenda Njombe mwezi wa tatu, mahindi husimama pande zote mbili za barabara, marefu kuliko mtu. Ni nchi ya baridi na mvua ya uhakika. Viazi, maharage, chai, parachichi, vyote vinakubali. Nyanda za Juu Kusini ndizo zinazolisha Tanzania, na magunia yake huvuka hadi nchi jirani. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulipowapima watoto wa chini ya miaka 5, Iringa ilikutwa na udumavu wa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Dar es Salaam, ambako unga huja kwa lori na mchicha hununuliwa kwa fungu, haikufika hata nusu ya Iringa.

Fumbo hili limeandikwa sana kwenye ripoti na kutajwa sana majukwaani, na jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba wananchi wa huko hawana elimu ya lishe. Jibu hilo linanitosha robo tu. Linamtwisha lawama mtu mmoja, mama, bila kumuuliza siku yake inakwendaje. Ili tulione fumbo vizuri inabidi turudi kwenye miezi 12 ya mwanzo ya maisha, kwa sababu udumavu unaohesabiwa mtoto akiwa na miaka 4 haukuanza hapo. Ulianza tumboni, ukaendelea kimya kimya katika miaka 2 ya mwanzo, na mwaka wa kwanza ndio wenye mengi ya kupotea.

Ni mengi kwa sababu baada ya mwaka huo mwanadamu hakui tena kwa kasi ile. Mtoto wa kiume wa wastani huzaliwa na kilo 3.3 na urefu wa sentimita 50 hivi. Wa kike kilo 3.2 na sentimita 49. Siku za mwanzo hupungua kidogo, asilimia 7 hata 10 ya uzito wake, na mama wengi hushtuka, lakini kufikia mwisho wa wiki ya pili huwa amerudisha. Kisha mbio zinaanza. Mwezi wa kwanza peke yake hurefuka karibu sentimita 5. Kufikia mwezi wa 5 uzito wa kuzaliwa umeshajirudia mara mbili, na akitimiza mwaka unakaribia mara tatu: kilo 9.6 kwa mvulana, 8.9 kwa msichana. Urefu huongezeka kwa sentimita 25. Mtoto wa miaka 7 hupata sentimita 6 tu kwa mwaka mzima. Kichwa nacho hupanuka kwa zaidi ya sentimita 11, kwa kuwa ubongo uliomo unakua maradufu. Ndiyo maana utosi umeachwa wazi, ukidunda chini ya ngozi, mpaka mtoto afikie mwaka na nusu hivi.

Mbio hizo hazina mwendo mmoja. Miezi 6 ya mwanzo mvulana hurefuka karibu sentimita 18. Miezi 6 inayofuata hupata 8 tu. Kupungua huko ni jambo la kawaida, ila kumewahi kusomwa vibaya, na waliokosea kwanza walikuwa wataalamu, si akina mama. Kwa karibu miaka 30 kliniki za dunia zilitumia chati ambayo sehemu yake ya watoto wachanga ilitokana na watoto wa Ohio, Marekani, waliopimwa kati ya 1929 na 1975, wengi wao wakinywa maziwa ya chupa. Mtoto wa chupa hunenepa kwa namna yake. Mtoto wetu anayenyonya vizuri, akiwekwa kando ya yule, alionekana kusuasua kuanzia mwezi wa 3 au wa 4. Mama akaambiwa maziwa yake hayatoshi. Akaanza kukoroga uji mapema, uji ukaja na kuhara, na kuhara kukamkondesha mtoto kwelikweli.

Mwaka 2006 chati hiyo iliondolewa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepima watoto wapatao 8,500 katika miji 6: Pelotas wa Brazil, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat na Davis wa California. Haikuwa mtoto yeyote tu: mama asiwe mvutaji wa sigara, mtoto awe ananyonyeshwa, na nyumba isiwe na shida ya kumzuia kukua. Katika tofauti zote za urefu zilizoonekana, asilimia 3 tu zilitokana na mahali mtoto alipozaliwa. Asilimia 70 zilikuwa baina ya mtoto na mwenzake wa mji ule ule. Mtoto wa Muscat, mji ambao hadi leo una nyumba zinazozungumza Kiswahili, alikwenda sambamba na wa Oslo na wa Accra. Kwa hiyo anayesema watoto wa Njombe ni wafupi kwa asili yao hana pa kusimamia. Wakipewa kinachotakiwa, watoto wachanga wa dunia hukua kwa mstari mmoja.

Sasa tazama kinachofanyika kliniki. Mtoto anavalishwa ile suruali ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mzani, analia, nesi anasoma kilo, anatia nukta kwenye kadi. Mama anaambiwa yuko kwenye kijani, anashukuru, anahamia foleni ya sindano. Ubao wa kumlaza mtoto apimwe urefu haupo katika vituo vingi, au upo umeegemezwa ukutani, kwa sababu kuutumia kunataka watu wawili, mmoja ashike kichwa na mwingine anyooshe magoti, na nje kuna akina mama 60 wanangoja. Hapo ndipo udumavu unapopita bila kuonwa na mtu. Mvulana wa mwaka mmoja mwenye sentimita 70 ameshadumaa. Lakini anaweza kuwa na kilo 8.4, uzito unaolingana kabisa na kimo chake kifupi. Mashavu yamejaa, nukta iko mahali pazuri, na kila mtu barazani anasema mtoto ana afya. Ufupi wake hauonekani kwa macho, kwa sababu watoto wa jirani nao wako hivyo hivyo. Mahali ambapo nusu ya watoto wamedumaa, mtoto aliyedumaa ndiye wa kawaida.

Tena ukiangalia kalenda ya chanjo ya Tanzania, mama anaitwa mtoto akizaliwa, akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 kwa surua na rubela, halafu miezi 18. Baada ya ile ya miezi 9 wengi hawarudi mpaka waitwe tena. Na miezi 9 hadi 18 ndiyo kipindi ambacho ziwa peke yake halitoshi na mtoto ameanza kuokota kila kitu ardhini.

Kipimo cha pili tunachokitumia, na hiki hakina mzani, ni miguu. Mtoto wa fulani amekaa, wa fulani amesimama dede, wangu bado anasota. Hakuna mashindano yanayomkosesha mama mchanga usingizi kama haya, na hayana msingi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani na kukuta kwamba mtoto mzima asiye na tatizo lolote anaweza kukaa bila kushikwa akiwa na miezi chini ya 4 au akiwa amepita 9. Kutembea peke yake kulianzia miezi 8 hadi miezi 17 na nusu. Zaidi ya 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walisota au waliburura tumbo, kisha wakainuka. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, miezi yake ihesabiwe tangu tarehe aliyotarajiwa, si aliyozaliwa.

Katika jambo hili Afrika Mashariki ilitoa somo ambalo dunia ililihitaji. Miaka ya 1950 wazungu waliowapima watoto wa Kampala walishangaa kuona wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Ulaya, na baadhi yao wakakimbilia kusema ni damu. Mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya, na mwaka 1976 akaandika alichokiona. Mama wa Kokwet hawakungoja mtoto akae, walimfundisha. Walimchimbia kishimo kifupi, wakamkalisha humo na kumzungushia blanketi, kila siku, mpaka mgongo ukakaza. Kutembea nako kulifanyiwa mazoezi. Matokeo yake watoto wale walikaa na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Lakini katika kutambaa, ambako hakukufundishwa, hawakuwa mbele, na katika kuinua kichwa na kugeuka wakiwa wamelala walichelewa, kwa sababu muda mwingi walikuwa mgongoni au mapajani mwa mtu, si kwenye mkeka. Kumbe haikuwa damu. Ilikuwa mikono ya watu, na saa ambazo watu hao walizitoa.

Miaka 20 kabla yake, mwanamke mmoja aliyefika Kampala mwaka 1954 kumfuata mumewe kazini alianza kuwatembelea akina mama 26 wa vijiji vya karibu na mji, akiwa chini ya taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Jina lake Mary Ainsworth. Alirudi nyumba zile zile kila baada ya wiki 2, kwa miezi kadhaa, akiangalia jinsi mtoto anavyomfuata mama kwa macho, anavyomwacha kidogo akachunguze kopo kando ya mlango, kisha anavyorudi kumgusa goti kabla ya kwenda tena. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humsikia na kumjibu ndiye anayethubutu kwenda mbali. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kuhusu watoto wachanga wa Uganda ni miongoni mwa misingi ya yanayosemwa leo duniani kuhusu mtoto kushikamana na mlezi wake. Nasikitika kwamba wanafunzi wetu wa saikolojia hufundishwa zaidi majaribio aliyoyafanya baadaye Baltimore, na mara chache huambiwa kwamba somo lenyewe alilipata kwenye nyumba za Waganda.

Nimeyataja haya kwa sababu yanatupeleka moja kwa moja kwenye kitu ambacho ghala la mahindi halina. Mtoto wa mwaka wa kwanza hali chakula kilichomo ghalani. Anakula kile ambacho mtu fulani amepata nafasi ya kukipika, kukiponda, kukipooza na kumlisha, kijiko kwa kijiko, mara kadhaa kwa siku.

Piga hesabu ya uji. Tumbo la mtoto mdogo hubeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya mwili. Wa kilo 8 basi anajaa kwa mililita 240, kikombe kimoja. Kati ya miezi 6 na 8, mbali na ziwa, anahitaji kama kalori 200 kutoka kwenye chakula kila siku. Kufikia miezi 9 hadi 11, kama 300. Uji mwepesi wa mahindi, ule unaoteleza wenyewe kwenye kikombe, una kalori 30 hivi katika mililita 100. Kikombe kizima kinampa 70. Ameshiba, ametulia, amelala, na bado amepata theluthi tu ya anachohitaji. Ukiufanya mzito, tumbo lile lile moja linabeba zote 200, lakini uji mzito humkwama kooni asiyejua kutafuna, na kumlisha kunachukua nusu saa. Mama anayengojwa shambani anafanya nini? Anaongeza maji.

Suluhisho la zamani lipo. Nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa ichipue, ikakaushwa na kusagwa, yaani kimea, kile kile cha pombe, ina vimeng'enya vinavyoyeyusha wanga. Kijiko kimoja cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito kama ugali laini, baada ya dakika chache uji hulegea ukanyweka, na lishe yake haijapungua. Kisha huchemshwa tena kuua vijidudu. Mosha na Svanberg waliandika kuhusu hili tangu 1983, kwa nafaka za Tanzania. Kijiko cha chai cha mafuta huongeza kalori 45. Tui la nazi, parachichi lililopondwa, dagaa waliosagwa, yai: hakuna kinachotoka ng'ambo. Lakini yai la kijijini huuzwa gengeni, kwa kuwa ndilo linalonunua chumvi na sabuni, na parachichi la Njombe limekuwa la kusafirishwa nje.

Kuna na madini ya chuma. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huja na akiba inayomtosha miezi 6 hivi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, na uji wa nafaka tupu una kidogo ambacho tena hakifyonzwi vizuri. Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi miaka 5 wana upungufu wa damu. Upungufu huo ukimkuta mtoto wakati ubongo unajengwa, hata akiongezewa damu baadaye, si yote yanayorudi.

Niseme na hili la unga wa lishe, kwa kuwa limekuwa biashara. Ule unga unaochanganya mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na ngano katika mfuko mmoja, watu wanaamini kwamba kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo unavyofaa. Si kweli. Soya isiyoivishwa vizuri huzuia protini kusagwa tumboni, na karanga na mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na tafiti zimeihusisha na watoto kutokukua vizuri. Nafaka moja safi, na kando yake maharage, samaki au yai vilivyopikwa siku hiyo hiyo, ni salama zaidi.

Nirudi Iringa. Mwaka 1983 mkoa huo, ambao wakati huo ulikuwa bado na Njombe ndani yake, ulianza mpango wa lishe chini ya serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Siku ya afya ya kijiji watoto walipimwa hadharani, kisha kamati ya kijiji ikakaa chini na kuuliza: huyu ameshuka kwa nini, na mikononi mwetu tuna nini? Walipima, wakachambua, wakatenda, wakapima tena. Waligundua mapema kwamba mtoto wa Iringa hakuwa na njaa ya ghala. Alikuwa analishwa mara chache mno. Vijiji vingine vikaanzisha mahali pa kuwalishia watoto wakati mama yuko shambani. Kufikia 1988 watoto wenye uzito pungufu mkali walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2, na wenye uzito pungufu kwa jumla kutoka asilimia 56 hadi 38. Mchoro uliotangazwa na UNICEF mwaka 1990 kueleza kwamba lishe ya mtoto husimama juu ya chakula, matunzo na afya, na kwamba moja likikosekana mawili hayatoshi, ulichukua mengi kutoka vijiji hivyo.

Mpango ulipokwisha, fedha zilikwisha, na kamati nyingi zikabaki kwenye madaftari. Miaka karibu 40 tangu uanze, mkoa uliowafundisha wengine ndio unaoongoza kwa udumavu. Zipo sababu nyingine za kweli. VVU ni mojawapo: utafiti wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe na 11.1 wa Iringa wanaishi na virusi, wakati taifa ni 4.4, na mtoto wa mama mwenye VVU, hata asipoambukizwa, mara nyingi huzaliwa mdogo na kukua polepole. Lakini Rukwa haikaribii viwango hivyo na udumavu wake ni ule ule. Uchafu nao umelaumiwa sana. Hata hivyo utafiti mkubwa uliofanyika Kakamega, Bungoma na Vihiga, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kuwapa watu dawa ya maji, vyoo na mahali pa kunawia mikono hakukuongeza kimo cha watoto. Kilichoongeza, japo kidogo, ni lishe yenyewe. Vyoo vijengwe, vina faida zake nyingine. Lakini tusidhani vitaujibu udumavu peke yake.

Kinachozikutanisha Iringa, Njombe na Rukwa, kwa maoni yangu, ni kwamba zote ni nchi za jembe zito. Msimu wa palizi ndio msimu wa mama kutoka alfajiri. Mtoto wa miezi 7 anaachwa na dada yake wa miaka 8, na uji uliopikwa asubuhi unanywewa saa nane ukiwa baridi. Mavuno yakija, gunia lina mwenyewe, na mara nyingi si yule aliyelipalilia. Kwa hiyo mkoa unaweza kuuza mahindi mengi zaidi kila mwaka na watoto wake wakazidi kuwa wafupi, bila ya mambo hayo mawili kupingana, kwa kuwa ni saa zile zile za mwanamke yule yule zinazogharamia yote mawili.

Wazee wetu walilijua hili kuliko tunavyowapa haki. Pwani, mzazi hukaa ndani siku 40. Hapiki, hateki maji, huogeshwa, hukandwa, hulishwa, na kazi yake ni moja, kunyonyesha. Tunaiita mila, mimi naiona ni likizo ya uzazi iliyotungwa na jamii kabla ya sheria yoyote. Hata imani ya kubemenda, kwamba mtoto hulegea na kukonda wazazi wakirudiana kabla hajaacha ziwa, ilikuwa na hekima ya kupishanisha uzazi. Ubaya wake ni mkubwa leo: mtoto anaumwa, na badala ya kupelekwa hospitali, mama anaulizwa alilala na nani. Imani hiyo iachwe. Arobaini ibaki, na ipelekwe kule ambako haipo.

Sheria yenyewe imefika wapi? Tanzania inampa mama aliyeajiriwa siku 84 zenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Baba anapata siku 3. Kenya ni miezi 3. Siku 84 ni wiki 12, na ushauri wa serikali hiyo hiyo ni kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, yaani wiki 26. Wiki 14 hazina mwenyewe. Na hayo ni ya mwajiriwa mwenye mkataba. Mkulima na mama ntilie hawana hata siku moja.

Anayedhani kwamba uwepo wa mama ni jambo la hisia tu, autazame utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Vichanga waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na chini ya 1.8 waligawanywa: kundi moja wakatunzwa kama kawaida, mbali na mama hadi watulie, na lingine wakafungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, tangu kuzaliwa, mama akilazwa katika chumba kile kile cha watoto mahututi. Katika siku 28, waliotengwa walikufa asilimia 15.7, na waliokaa kifuani asilimia 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwatenga. Jamaica nako, mwishoni mwa miaka ya 1980, watoto 129 waliokwisha kudumaa walifuatiliwa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka 2, mama akionyeshwa jinsi ya kuzungumza na kucheza na mtoto kwa vifaa vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Kilichowatofautisha kilikuwa mtu wa kucheza nao.

Tanzania ina programu yake ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2021. Ni nzuri kwenye karatasi. Lakini nitaiamini nikiona kijiji cha Makete, mkoani Njombe, kina banda la kulelea watoto wakati wa palizi, lenye jiko, lenye mtu anayelipwa, na kamati inayouliza tena lile swali la 1983. Hilo haligharimu zaidi ya semina tunazofanya kuhusu elimu ya lishe ya akina mama ambao hawana nafasi ya kuhudhuria.

Nawe msomaji, kama una mtoto wa chini ya mwaka au mjukuu, safari ijayo ya kliniki usiondoke na kilo peke yake. Omba kwa upole alazwe kwenye ubao apimwe urefu. Kama ubao haupo, uliza utakuja lini, na baba awepo wakati swali hilo linaulizwa. Mvulana akitimiza mwaka awe amepita sentimita 71, msichana 69. Ziandike namba hizo mbili nyuma ya kadi.